Shamba Lililokatwa Sambamba na Barabara

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mvua haijaanza. Nimefika ofisini nikakuta meza yangu ya kuchorea imeondolewa dirishani na kusukumwa karibu na choo. Mahali pake pamewekwa kompyuta ya pili. Bwana Onsongo, mpima ardhi mwenye ofisi hii, hakuniuliza. Nimechora ramani za mashamba ya Kericho na Bomet tangu yeye akiwa mtoto wa shule kwao Kisii, lakini meza imehamishwa kama kabati la mtu aliyekufa.

Kwenye kompyuta ameketi binti aitwaye Janeffer, aliyemaliza politekniki mwaka jana. Akanisalimu, "Chamgei, mzee. Usijali, hii kitu nitakufundisha." Sikuwa nimeomba kufundishwa. Na kitu ni hiki, si hii. Nilimwambia hivyo. Akacheka.

Alhamisi, 9 Machi

Kazi yetu kubwa ni kugawa mashamba. Baba akizeeka au akifa, wana hugawana, na sisi huchora mistari ya mgawanyo kabla ya mambo kupelekwa kwenye bodi ya ardhi. Si kazi nyepesi. Shamba halina umbo la kitabu. Lina pembe, lina kona ya mto, na kila mrithi lazima apate eneo lililo sawa na la mwenzake. Mimi hupiga hesabu, huchora mstari, hupima eneo, hufuta, husogeza, hupima tena. Shamba moja linaweza kunichukua siku mbili.

Leo Janeffer ametuonyesha faili aliloliandika mwenyewe. Yeye huliita skripti. Ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ndogo iliyo ndani ya programu ya kuchorea: unaipa mashine pembe za shamba na idadi ya warithi, nayo hutafuta mistari yenyewe, huisogeza mpaka maeneo yalingane, huandika namba na kuchora. Shamba la Kiptere lilikatwa vipande vitano kabla sijamaliza kuchonga penseli. Ofisi nzima ilipiga makofi. Omollo, mshika mnyororo wetu wa kupimia, alisema, "Mzee, sasa wewe utakuwa unakunywa chai tu."

Sikuona kichekesho.

Jumatatu, 13 Machi

Nimelipiga hesabu upya shamba la Kiptere kwa mkono, nikitafuta kosa la binti huyo. Sikulipata. Ningefurahi zaidi kulipata.

Ijumaa, 17 Machi

Nimemwambia Janeffer kwamba kazi isiyomchosha mtu haimfundishi, na kwamba uvivu ukivikwa suti hubaki uvivu. Alisema, "Sawa, mzee," akaendelea kubonyeza.

Jumanne, 28 Machi

Mvua imeanza, na ya mawe. Umeme umekatika tangu asubuhi. Kompyuta zote mbili zimekaa kimya kama masanduku. Nimechora kwa mkono hadi jioni. Siku njema.

Jumatatu, 10 Aprili

Bwana Onsongo amekuwa na haraka tangu aahidi watu wengi ramani kabla ya kikao cha bodi cha mwezi wa tano. Leo alisimama nyuma ya Janeffer akamwambia, nami nikasikia, "Hii mashine yako inauliza uliza kama askari wa kizuizi. Mimi nataka niipe mashamba yote, niende kula, nikirudi nikute imemaliza."

Janeffer alisema neno kwa sauti ya chini. Bwana Onsongo akamjibu, "Toa hilo swali. Iamue yenyewe."

Sikujua ni swali gani, na sikuuliza, kwa maana nilikuwa nimeapa kutouliza habari za mashine ile.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Kanisani. Mvua ilipiga mabati hata mahubiri hayakusikika.

Alhamisi, 20 Aprili

Omollo amekwenda Boito kupigilia vigingi katika shamba la marehemu arap Chumo, kwa kufuata ramani ya kompyuta. Amerudi na matope hadi kiunoni. Nilipomuuliza kama wazee wa pale waliufuata mpaka wa shamba pamoja naye, alisema, "Wazee gani, mzee? Kwa mvua hii? Kiplangat mwenyewe alinionyesha, tukamaliza upesi. Yule ni mtu mzuri, alinipa hata kuku." Kiplangat ni mwana wa kwanza wa marehemu.

Mtu hapewi kuku kwa kupigilia vigingi.

Jumatano, 3 Mei

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi aliingia mwanamke kijana, viatu vyake ameviweka mkononi, miguu ina matope. Alisimama mbele ya meza yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana mzee.

"Ni wewe ulichora shamba ya Chumo kule Boito?"

"Ofisi ilichora."

"Ofisi haina mkono."

Nilimpa kiti. Anaitwa Tecla. Aliolewa na Kipkurui, kitinda mimba wa marehemu, na Kipkurui akafa mwaka jana katika ajali ya lori la majani ya chai. Amebaki na watoto wawili. Anaishi katika boma la mama mkwe wake, Rebeccah, kama ilivyo kawaida yetu: nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, na mke wa kitinda mimba ndiye anayemtunza mama. Michai anayoichuma iko nyuma ya nyumba hiyo, karibu na barabara.

"Kigingi kimewekwa nyuma ya jiko la kogo, nyanya wa watoto wangu," akasema. "Kiplangat anasema hapo juu pote ni kwake, na nyumba, na chai. Ati mimi yangu iko chini kabisa, kwa matete. Nitachuma nini huko? Vyura? Na nikichuma, nitapitia wapi kufika barabarani?"

Nilimwambia hilo haliwezekani. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Kisha nikaenda kabatini nikaitoa ramani.

Lazima nieleze, ili anayesoma aelewe ubaya wake. Huku kwetu barabara hupita juu ya mgongo wa kilima na mto huwa chini. Juu kuna chai; chini kuna maji na nyasi za ng'ombe. Kwa hiyo shamba hukatwa kutoka barabarani hadi mtoni. Kila mwana hupata ukanda wake, hata ukiwa mwembamba kama mshipi, ili kichwa chake kifike barabarani na miguu yake iguse maji. Hakuna sheria iliyoandika hivyo. Hakuna aliyepata kuhitaji kuiandika.

Ramani iliyokuwa mbele yangu ilikuwa imekatwa kwa upande mwingine. Mistari ilikwenda sambamba na barabara. Kiplangat, wa kwanza, alikuwa amepewa ukanda wa juu wote: barabara yote, karibu chai yote, na nyumba ya mama yake. Weldon, wa pili, alikuwa amefungiwa katikati, hana barabara wala mto. Tecla alikuwa amepewa bonde la matete. Na maeneo yote matatu yalikuwa sawa, hadi mita ya mwisho.

Nilikwenda kwa Janeffer nikamkemea mbele ya Tecla na mbele ya Omollo. Nilisema amekata watu kama mkate. Nilimwita mvivu. Alingoja nimalize. Halafu akafungua faili lake la zamani kwenye kioo na kusema, "Soma, mzee. Unajua kusoma."

Nilisoma. Katika faili la kwanza, mashine ilikuwa inasimama kabla ya kukata na kuuliza: barabara iko upande gani? Ilikuwa haiendelei mpaka ijibiwe.

"Hilo ndilo swali alilosema nitoe," Janeffer akasema. "Nikamwambia, bosi, ikikosa kuuliza itakata vibaya. Akasema ifuate upande mrefu wa shamba. Mashamba mengi ni marefu kutoka juu kwenda chini, kwa hivyo yalitoka sawa. Hii ya Boito ni pana kando ya barabara. Upande wake mrefu ni barabara yenyewe."

"Na ulinyamaza?"

"Nimeandikwa juzi, mzee. Wewe umekaa hapa miaka yote. Ulinyamaza pia."

Tecla alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hivyo mtarudisha?" akauliza.

Bodi inakaa Mei 23. Ikiidhinisha ramani hii, vigingi vitakuwa mawe, na mawe hayatang'oka katika maisha ya watoto wake.

Alhamisi, 4 Mei

Nimemwita Janeffer kando na kumwambia kwamba maneno ya jana hayakumstahili. Akasema, "Sawa, mzee. Lakini mvivu umeniita mara mbili. Moja ilikuwa Machi." Nikamwomba radhi ya Machi pia.

Jumanne, 9 Mei

Bwana Onsongo amerudi kutoka Nairobi. Nilimwekea ramani ya Boito mezani na kumweleza. Aliitazama kidogo tu.

"Eneo ni sawa?"

"Ni sawa."

"Basi shida iko wapi, mzee?"

"Kwenu Kisii shamba hukatwa hivi?"

Alivua miwani akaifuta. Kwao hukatwa kama kwetu, kutoka juu hadi chini. Amekulia kwenye ukanda kama huo, mwenyewe alipata kunisimulia jinsi alivyokuwa akiteremka kuteka maji asubuhi. "Kwetu hatukati hivi," akasema.

"Basi uliona."

"Niliona baada ya vigingi kuingia. Lakini mteja wangu ni Kiplangat. Ndiye alikuja, ndiye alileta hati za baba yake. Na Kiplangat amefurahi. Mteja akifurahi, mchoraji anaumwa wapi?"

"Anaumwa pale jina lake linapoandikwa chini ya mchoro."

"Jina lako haliko hapo, mzee. Imechorwa na kompyuta."

Hilo ndilo lililonichoma. Ujinga ningeweza kuusamehe, maana mjinga hufundishwa. Huyu alijua, akaona, na akapata mahali pa kujificha ambapo hakuna mtu anayeweza kuulizwa. Zamani mchoraji akikosea, mwenye shamba humfuata hadi nyumbani kwake. Sasa atamfuata nani? Sanduku?

Nilimwambia nitakwenda Boito. Akasema niende siku ambayo hanilipi.

Alhamisi, 11 Mei

Nimekwenda Boito. Omollo alinifuata bila kuambiwa. Nadhani yule kuku amemkaa vibaya tumboni. Mvua ilitunyeshea njia nzima.

Tulimkuta Kiplangat akichuma pamoja na mkewe katika michai iliyo nyuma ya nyumba ya Rebeccah. Tangu vigingi viingie hamruhusu Tecla kuigusa. Ni mtu mpole wa sauti, na upole wake ulinikasirisha kuliko matusi.

"Karibu, mzee. Najua limekuleta nini. Lakini niambie, nani amempendelea nani hapa? Ingekuwa mtu amechora, ungesema Kiplangat amemhonga. Kompyuta hainijui. Imegawa sawa sawa."

"Imempa mke wa ndugu yako matete."

"Matete ni ardhi. Alime mboga."

"Na barabara?"

"Aniombe njia. Mimi si mtu mbaya. Weldon nimeshamwahidi njia."

Omollo akasema, "Na mwenye njia akikasirika siku moja, aifunge?" Kiplangat akamgeukia: "Wewe jaluo wa kigingi, si ni wewe uliipigilia? Ulikula kuku yangu ukanyamaza." Omollo aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Ndiyo. Na ndiyo maana nimerudi."

Rebeccah alikuwa amekaa mlangoni, shuka begani, akisikiliza. Ni mzee kuliko mimi. Aliniuliza kwa Kipsigis mimi ni mwana wa nani, nikamjibu, akamtaja babu yangu. Kisha akauliza jambo moja tu: siku ya bodi ni lini, na kama mwanamke huruhusiwa kusema.

Nilimwambia bodi haiwezi kugawa shamba bila kumsikia mjane wa mwenye shamba.

"Basi nitasema," akasema, akarudi ndani.

Jumatatu, 15 Mei

Janeffer amelirudisha swali kwenye nakala yake. Nimeketi karibu naye kwa mara ya kwanza. Amenionyesha maagizo yanavyoandikwa, mabano ndani ya mabano, na kila lililofunguliwa lazima lifungwe, vinginevyo mashine inakataa kazi yote. Nilimwambia mwalimu wangu wa sarufi pale misheni alikuwa hivyo hivyo, na fimbo juu. Alicheka, na safari hii sikuona vibaya.

Bwana Onsongo alipokwenda kula, tulilikata shamba la Boito upya. Mashine ikauliza barabara iko upande gani. Janeffer akaniachia kibodi nijibu mwenyewe. Nilibonyeza kwa kidole kimoja. Kanda tatu zikateremka kutoka barabarani hadi mtoni.

Halafu nikaona nyumba ya Rebeccah imeangukia ukanda wa Weldon, kwa maana mashine huwapanga warithi kwa kufuata majina yalivyoandikwa. Nikamwambia wa kwanza apangwe upande jua linakotua, wa mwisho apangwe penye nyumba ya mama. Janeffer akaongeza swali la pili: nyumba ya mama iko wapi?

"Hilo politekniki hawakunifundisha," akasema.

"Hata mimi hawakunifundisha shuleni," nikamwambia. "Nililiona nyumbani."

Jumatano, 17 Mei

Mvua. Edinah, mke wangu, anasema nimekuwa nikigomba usingizini.

Jumanne, 23 Mei

Bodi ilikaa katika ukumbi wa chifu. Watu walijaa, koti zikinuka mvua. Mkuu wa tarafa alikuwa mwenyekiti, na wazee wa bodi walikaa kwenye benchi. Nilisimama nyuma na ramani mpya ikiwa imekunjwa chini ya koti. Bwana Onsongo alikaa mbele, suti yake kavu.

Ramani ya kompyuta iliwekwa mezani. Mwenyekiti akauliza kama familia imekubali. Kiplangat akasema imekubali. Weldon, anayefanya kazi katika kiwanda cha chai cha Mogogosiek na alikuwa amevaa koti la kazi, alitazama viatu vyake akasema amekubali kama ndugu yake amekubali. Tecla alisema hajakubali. Mwenyekiti akamuuliza Bwana Onsongo kama maeneo ni sawa. Akajibu ni sawa, yamepimwa kwa kompyuta. Mzee mmoja wa bodi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama aliyetajiwa Maandiko.

Hapo Rebeccah akasimama.

"Nyumba yangu iko kwa nani?"

Mwenyekiti akatazama. "Kwa Kiplangat, mama."

"Kiplangat ni kifungua mimba. Alitoka kwangu akajenga yake, nikampa moto wa kuwashia. Sasa mnanirudisha kwake kama ng'ombe aliyepotea?"

"Mama," Kiplangat akasema, "wewe utakaa tu hapo hapo. Hakuna anayekutoa."

"Na anayenipikia?"

"Ataenda kwa kipande chake."

"Kwa matete. Basi njooni kesho na mabega. Mbebe nyumba yangu, na mimi ndani, mtushushe sote kwa vyura."

Ukumbi ulicheka. Kiplangat hakucheka. "Mama, si mimi. Ni kompyuta iligawa."

"Kompyuta haikunyonya kwangu," Rebeccah akasema. "Wewe ulinyonya. Kipkurui alinyonya baada yako, titi lile lile. Sema wewe, kwa mdomo wako, bila kompyuta: mke wa Kipkurui aende kwa matete?"

Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Nilimtazama akiitafuta sauti. Mbele ya mama yake na mbele ya watu wa kilima chake, hakuipata.

Yule mzee aliyeitikia kwa kichwa akainama tena juu ya ramani, akapitisha kidole kwenye mistari, akauliza, "Hapa ng'ombe wa Weldon hunywa wapi?" Mwenyekiti akaisukuma ramani kando. Akasema bodi haitaidhinisha.

Nilikuwa nimeanza kupita katikati ya watu ili niitoe ramani yetu, Bwana Onsongo alipogeuka, akaniona, akaelewa, na akanyoosha mkono akaichukua kutoka chini ya koti langu. "Mheshimiwa," akasema, "ofisi yetu ilikuwa imetayarisha mpango wa pili, kwa kuzingatia mila." Akaikunjua mezani. Alitumia hata neno mila.

Iliidhinishwa kabla ya saa sita. Walimshukuru. Alipokea shukrani kwa mikono miwili.

Nje, chini ya michirizi ya mabati, alinipa mkono. "Si tumeshinda, mzee?" Mkono wangu ulibaki mfukoni. Nilimwambia kwamba Rebeccah ameshinda, na kwamba yeye amekutwa barabarani akaingia katika msafara. Akasema nina maneno makali kwa mtu wa umri wangu. Nikasema bado sijaanza.

Jumatano, 24 Mei

Nilianza. Nilimwambia mbele ya wote kwamba hakuna ramani nitakayoipitisha tena kwa macho yangu ikiwa swali limeondolewa, na mteja yeyote atakayeniuliza nitamwambia sababu. Janeffer alisimama karibu nami. Bwana Onsongo alitutazama, akahesabu, nadhani, ni wateja wangapi wa Kericho hunijua kwa jina. Akasema, "Iacheni iulize basi." Halafu akafunga mlango wake kwa nguvu.

Jumatatu, 5 Juni

Mvua imepungua. Tumekwenda Boito kuweka mawe: mimi, Omollo na Janeffer, ambaye hakuwa amewahi kuona shamba alilolikata. Safari hii wazee wa kilima waliufuata mpaka wa shamba pamoja nasi, kuanzia barabarani, wakipita kati ya michai, hadi mtoni. Omollo aling'oa vigingi vyake vya zamani kimoja kimoja na kuvirusha kwenye matete.

Kiplangat alikuja tulipokuwa kwenye jiwe la mwisho. Alikuwa na kikapu mgongoni, kimejaa.

"Mzee, umeniharibia," akasema.

Nilimwambia kwamba nimemharibia safu alizozichuma kwa majuma mengi huku mwenye safu akimtazama dirishani, na kwamba nikizikumbuka damu yangu huchemka hata sasa. Nilimwambia pia kwamba ukanda wake una barabara na una maji, kama wa ndugu zake, na kama hautoshi, anayepaswa kulaumiwa ni baba yake kwa kuzaa watoto watatu.

Aligeuka kutazama juu ya kilima, nami nikatazama alikotazama. Tecla alikuwa amekwisha kufika barabarani na kikapu chake, anaelekea kituo cha kuuzia majani ya chai, hajamwomba mtu njia.